Kupunguza Uzito kwa Kuhesabu Kalori za Sufuria Yako, Bila Kuacha Ugali wala Wali

Mtu anayeamua kupunguza uzito hapa kwetu hupewa ushauri wa aina moja karibu kila anapouliza: acha ugali, acha wali, acha chapati, usile chochote baada ya saa kumi na mbili jioni, kunywa maji ya ndimu kila asubuhi. Hufuata masharti hayo wiki mbili au tatu, nguo zikaanza kulegea, kisha ikaja harusi, au msiba, au mwisho wa mwezi ambapo nyumbani kuna unga na maharage basi, na masharti yote yakavunjika kwa siku moja. Mwongozo huu unaeleza njia nyingine, isiyomkataza mtu chakula chochote, bali inayomtaka ajue chakula anachokula kina kalori ngapi, ajiwekee kiwango cha siku na kukiheshimu. Ni kazi ya kupima na kuandika, nayo huchosha kidogo wiki za mwanzo, lakini humwacha mtu ale pamoja na watu wa nyumbani kwake, chakula kilekile kinachotoka jikoni kwao.

Kabla ya kuanza, wapo ambao wanapaswa kuzungumza kwanza na daktari au mtaalamu wa lishe: mjamzito, anayenyonyesha, aliye chini ya miaka 18, anayetumia insulini au vidonge vya kisukari, mwenye ugonjwa wa figo, na yeyote aliyewahi kusumbuliwa na tabia ya kujinyima chakula kupita kiasi au kujitapisha. Kwa anayetumia dawa za kisukari jambo hili ni la usalama wa maisha, maana kupunguza chakula bila kurekebisha dozi kunaweza kushusha sukari ya damu hadi kiwango cha hatari.

Kwa nini hesabu inafanya kazi

Kalori ni kipimo cha nishati. Mwili hutumia nishati usiku na mchana, hata tukiwa tumelala, kwa ajili ya moyo, mapafu, ubongo, ini na joto la mwili, na juu yake huongezeka nishati ya kutembea na kufanya kazi. Nishati inayoingia ikizidi inayotumika, ziada huwekwa akiba kama mafuta. Ikipungua, mwili hurudi kuitumia akiba hiyo. Gramu moja ya wanga hutoa takriban kalori 4, gramu ya protini 4, gramu ya mafuta 9, na gramu ya kilevi 7. Msingi wa viwango hivi uliwekwa na mkemia wa Marekani Wilbur Atwater mwishoni mwa karne ya 19, na mpaka leo ndio unaotumika kwenye vibandiko vya vyakula vya madukani. Ukikuta kibandiko kinachotaja kilojuli peke yake, gawanya kwa 4.2 upate kalori.

Hesabu hii haichagui aina ya chakula. Mwaka 2009 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya uchunguzi wa watu wazima 811 waliogawanywa katika mipango minne ya ulaji, kila mmoja ukiwa na viwango tofauti vya mafuta, protini na wanga, lakini yote ikiwa imepunguzwa kalori. Baada ya miaka miwili, makundi yote yalikuwa yamepungua kwa kiasi kinachokaribiana. Mwaka 2018 uchunguzi wa Chuo Kikuu cha Stanford uliowafuatilia watu 609 kwa miezi 12 ulilinganisha ulaji wenye mafuta kidogo na ulaji wenye wanga kidogo, nao haukupata tofauti ya maana kati ya makundi hayo mawili.

Mbona basi aliyeacha ugali huona mizani ikishuka kilo mbili ndani ya wiki moja? Mwili huhifadhi akiba ya wanga kwenye misuli na ini, na kila gramu ya akiba hiyo hushikamana na takriban gramu 3 za maji. Mtu akiacha wanga, akiba inatumika na maji yake yanatoka kwenye mkojo. Siku atakaporudi kula wali, maji yatarudi. Hali ni hiyohiyo kwa zile chai za kupunguza tumbo zilizochanganywa majani ya sena, ambayo ni dawa ya kuharisha: kinachopungua ni maji na kinyesi, mafuta yanabaki palepale. Inasikitisha kuona watu wakitumia fedha nyingi kwa vitu hivi huku mizani ya jikoni, ambayo ingewasaidia kwa miaka, ikiwa na bei ya kawaida kabisa.

Kupata kiwango chako cha siku

Kanuni inayotumiwa sana na wataalamu wa lishe ni ile iliyochapishwa mwaka 1990 na kujulikana kwa jina la Mifflin-St Jeor. Zidisha uzito wako wa kilo kwa 10. Zidisha urefu wako wa sentimita kwa 6.25. Jumlisha hayo mawili, kisha toa umri wako uliozidishwa kwa 5. Mwanamume aongeze 5 kwenye jibu. Mwanamke atoe 161. Hiyo ndiyo nishati ambayo mwili ungetumia hata ukilala kitandani siku nzima. Baada ya hapo zidisha kwa 1.2 ikiwa unashinda umekaa, kwa 1.375 ikiwa una mwendo wa wastani, au kwa 1.55 ikiwa kazi yako ni ya kusimama na kubeba vitu au unafanya mazoezi siku nyingi za wiki.

Tuchukue mwanamke wa miaka 35, mwenye kilo 82 na urefu wa sentimita 160, mwalimu anayetembea kwenda na kurudi kazini. Kilo zake zinatoa 820, urefu 1,000, umri unaondoa 175, na mwisho tunatoa 161: jibu ni 1,484. Tukizidisha kwa 1.375 tunapata takriban 2,040. Hicho ndicho kiasi kinachouweka uzito wake ulipo. Akila kalori 1,550 hadi 1,600 kwa siku, atakuwa na upungufu wa kalori 450 hivi, na kwa kuwa kilo moja ya mafuta ya mwilini hubeba takriban kalori 7,700, atapungua karibu nusu kilo kwa wiki mwanzoni, kisha polepole zaidi kadiri mwili unavyokuwa mdogo.

Watu wengi wakishaona hesabu hii hutamani kuongeza kasi, wakajishusha hadi kalori 900. Nawasihi wasifanye hivyo. Mwanamke asishuke chini ya 1,200 na mwanamume chini ya 1,500 bila usimamizi wa daktari, kwa kuwa hapo hupungua misuli pamoja na mafuta, madini na vitamini hukosekana, na njaa humrudisha mtu kwenye ulaji wa fujo ambao ndio aliokuwa akiukimbia.

Kupima sufuria

Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Vifaa vinavyohitajika ni mizani ndogo ya kidijitali ya jikoni, kijiko kikubwa cha mililita 15, daftari au simu. Programu za simu zinasaidia, ila nyingi zimejengwa kwa vyakula vya Ulaya na Marekani, na ukitafuta kisamvu au makande unaweza kukuta takwimu zilizoingizwa na mtumiaji yeyote tu. Majedwali ya virutubishi vya vyakula vya Tanzania, yaliyotolewa mwaka 2008 na Chuo Kikuu cha Muhimbili, Taasisi ya Chakula na Lishe pamoja na Harvard, yana vyakula vyetu kwa majina yake, na Kenya ilitoa ya kwake mwaka 2018. Yote yanapatikana bure kwenye intaneti.

Siri ya chakula cha sufuria ni kupima vitu vikiwa vibichi, kisha kupima chakula kilichoiva, kwa sababu maji hayana kalori lakini yana uzito. Kwanza pima sufuria tupu na uandike uzito wake mahali pa kudumu; ubandike hata ukutani jikoni. Tuseme umesonga ugali wa unga gramu 400. Unga mkavu wa mahindi una takriban kalori 360 kwa gramu 100, kwa hiyo sufuria nzima ina kalori 1,440. Ugali ukiiva, pima sufuria pamoja na ugali, toa uzito wa sufuria, na tuseme umebaki na gramu 1,200. Gawanya: kila gramu 100 za ugali huu zina kalori 120. Ukijipakulia gramu 350, umekula kalori 420. Anayesonga ugali mgumu atapata namba kubwa kidogo kuliko anayesonga laini, na ndiyo maana namba ya jirani haifai kuazimwa.

Mchele mkavu una kalori zinazokaribia zile za unga, takriban 360 kwa gramu 100. Wali mweupe usio na mafuta hutoka na kalori 130 hivi kwa gramu 100 ukishaiva. Ukitiwa vijiko vikubwa vitatu vya mafuta kwenye nusu kilo ya mchele, hupanda hadi kama 155. Maharage makavu nusu kilo yana kalori 1,700 hivi. Ukiyaunga kwa vijiko vikubwa vinne vya mafuta umeongeza 480, na vitunguu, nyanya na karoti huongeza kidogo tu. Sufuria hiyo ikitoa kilo mbili za maharage yaliyoungwa, upawa wa gramu 150 una kalori zisizofika 170.

Tazama kwa makini mahali namba zinapopanda. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia, yawe ya alizeti, ya mawese au ya korie, kina takriban kalori 120. Mafuta ndiyo chakula chenye kalori nyingi kuliko vyote jikoni, nayo ndiyo tunayoyatia bila kipimo chochote. Njia bora niijuayo ya kuyapima haihitaji hata kijiko. Weka chupa ya mafuta kwenye mizani kabla ya kupika, soma uzito. Pika kama ulivyozoea. Irudishe chupa kwenye mizani. Ikiwa mwanzo ilisoma gramu 912 na sasa inasoma 846, umetia gramu 66, na ukizidisha kwa 9 unapata karibu kalori 590 zilizoingia kwenye mchuzi huo. Wakila watu watano, kila mmoja amekula kama 120 za mafuta peke yake. Mkono uliozoea kumimina huweza kufikisha gramu 100 bila mpishi kujua. Ukishuka kutoka gramu 100 hadi 40, umeondoa kalori 540 kwenye sufuria, na kitunguu kitakaangika vizuri tu ukipika kwa moto wa wastani na kuongeza maji kidogo kinapoanza kushika.

Chapati husaidia kuielewa hoja hii. Nusu kilo ya unga wa ngano ina kalori 1,820 hivi. Ukitumia mililita 100 za mafuta, kwenye kukanda, kukunja na kuchoma, umeongeza zaidi ya 800. Ukitoa chapati nane, kila moja ina takriban 330. Mtu hahitaji kuiaga chapati. Anahitaji kujua kwamba mbili na chai yake ni karibu nusu ya siku yake, kisha aamue mwenyewe kama anataka moja na maharage mengi. Kwa maandazi, kachori na sambusa, pima mafuta kwenye karai kabla ya kukaanga na baada ya kupoa, ili ujue yaliyonywewa. Tui zito la nazi lina takriban kalori 200 kwa mililita 100, na karanga za kukaanga zina karibu 585 kwa gramu 100, hivyo kisamvu cha nazi na karanga ni mlo mzito ingawa huitwa mboga.

Ikiwa anayepika ni mama, shangazi au dada wa kazi, usimwingilie kwa amri. Mweleze unachofanya, umwombe akuruhusu kupima chupa na sufuria, na umwonyeshe namba. Wapishi wengi huvutiwa wanapoona mafuta yalivyo mengi, na huanza kuyapunguza wenyewe.

Chai nayo istahili dakika moja. Kijiko cha chai cha sukari kilichosawazishwa ni gramu 4, yaani kalori 16, lakini kijiko cha nyumbani kilichojaa hadi kufanya kilima hubeba gramu 6 au 7. Kikombe kikubwa cha chai chenye nusu maziwa na vijiko vitatu vya namna hiyo kina kama kalori 160. Vikombe vitatu kwa siku ni 480, ambazo kwa yule mwalimu wetu ni upungufu wake wote wa siku. Soda ya mililita 350 yenye sukari ya kawaida ina karibu 140, na juisi ya matunda iliyoongezwa sukari haiko mbali. Vinywaji havishibishi kama chakula, na ndiyo maana napendelea kila mtu aanzie hapa: punguza sukari kwa kijiko kimoja kila wiki mbili, ulimi huzoea.

Kwenye sinia, kwenye shughuli, kwa mama lishe

Ulaji wa pamoja ni wa thamani na haupaswi kuachwa kwa sababu ya daftari. Siku moja nyumbani, chukua tonge lako la kawaida la ugali, lipime kabla ya kulila; rudia kwa matonge kumi na upate wastani. Ukikuta tonge lako ni gramu 25, basi kumi na mbili ni gramu 300, na kuanzia hapo unaweza kuhesabu kwa mkono mahali popote bila mtu kujua. Kwa wali na pilau, pima sahani yako ya nyumbani ikiwa imepakuliwa kiasi unachokijua, uitazame vizuri, ndipo macho yako yapate kipimo cha kutumia ugenini.

Kwa chakula cha kununua, kadiria juu. Sahani ya chipsi ya gramu 200 ina kalori zaidi ya 600, na chipsi mayai ya mayai mawili hufika 800 kwa urahisi. Pilau la shughuli lina mafuta kuliko la nyumbani. Ukijua Jumamosi kuna harusi, punguza kalori mia moja kila siku kuanzia Jumanne, kisha nenda ukale kwa furaha. Mwezi wa Ramadhani kiwango cha siku kinabaki kilekile na kinagawanywa kati ya futari na daku. Hatari iko kwenye kaimati, tambi za sukari na vyakula vya kukaangwa vinavyokuja pamoja mezani mtu akiwa na njaa, hivyo ni vyema kuanza na tende, maji na uji mwepesi na kusubiri kidogo.

Andika kila kitu, hata kuonja. Uchunguzi mmoja wa mwaka 1992 nchini Marekani uliwapima watu wanene walioamini kwamba hawapungui hata wakila kidogo, ukakuta walikuwa wakikadiria ulaji wao pungufu kwa karibu nusu. Hawakuwa waongo. Ni uji wa mtoto uliobaki, konzi ya karanga yenye kalori 175, nusu ya parachichi, kipande cha muhogo wa kukaanga ofisini. Vitu visivyo na sahani havikumbukwi.

Njaa

Kalori 1,600 zaweza kukuacha umeshiba au ukitetemeka, kutegemea zimetoka wapi. Protini na makapimlo, yaani nyuzinyuzi za chakula, hushibisha kwa muda mrefu. Maharage, kunde, choroko, mayai yenye kalori kama 70 kila moja, maziwa mgando, samaki wa kuchoma, kuku aliyetolewa ngozi na dagaa, ambao wakiwa wakavu zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini, vyote vinafaa na vingi ni vya bei nafuu. Ongeza mchicha, matembele, sukuma wiki au kabichi hadi zijaze nusu ya sahani, kwa sababu gramu 100 zake zina kalori chache sana zisipozamishwa kwenye mafuta. Kula tunda zima badala ya juisi yake. Mazoezi ni mema kwa moyo, misuli na usingizi, lakini saa moja ya kutembea kwa mtu wa kilo 80 huchoma kalori 250 hadi 300, kiasi kinachorudishwa na andazi moja na soda. Kwa hiyo usile zaidi kwa kisingizio cha kutembea.

Kusoma mizani ya mwili

Jipime asubuhi baada ya kutoka msalani na kabla ya kula, kila siku ukiweza, kisha uangalie wastani wa siku saba tu. Uzito wa siku moja huweza kupanda kilo moja au mbili kwa ajili ya chumvi, mlo mkubwa wa wanga au kukaribia kwa hedhi, na hayo ni maji. Linganisha wastani wa wiki hii na ule ulioupata wiki nne nyuma. Ikiwa haujashuka, kagua kwanza mafuta, sukari na vitu vya kuonja. Yote yakiwa sahihi, punguza kalori 100 hadi 150 kwa siku, usizidi hapo. Kila unapopungua kilo tano, rudia kanuni ya mwanzo, maana mwili mwepesi hutumia nishati kidogo kuliko mzito.

Ukifika uzito unaoutaka, usirudi ghafla kwenye ulaji wa zamani. Ongeza kalori 100 kwa siku kila wiki mpaka uzito usimame, ukianza na ulivyovikosa zaidi. Kufikia hapo mkono na macho vimeshajifunza, na watu wengi wanaweza kuliweka daftari kando, wakaendelea kupima mafuta ya kupikia na kujipima wenyewe mara moja kwa wiki. Wastani ukipanda kwa kilo mbili, chukua daftari tena kwa wiki tatu.